Nani Ameizuia Mvua? Kuwafundisha Watoto wa Shule ya Msingi Hali ya Hewa, Tabianchi na Angahewa



Mpendwa msomaji, katika vijiji vyetu vingi mvua ikichelewa, watu hawaulizi kwanza "kwa nini haijanyesha" bali "nani ameizuia". Radi ikipiga nyumba, huulizwa mwenye nyumba aligombana na nani. Watoto huyasikia maswali hayo jikoni, kisimani na njiani, muda mrefu kabla ya kufika darasa ambamo mwalimu anaandika ubaoni maneno "hali ya hewa". Wakifika huko, wengi hukariri maana ya maneno hayo kwa ajili ya mtihani, kisha hurudi nyumbani na jibu lile lile la zamani: kuna mtu ameifunga mvua.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya ya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga na leo iko mkoa wa Simiyu. Aliona kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yaliongezeka karibu mara mbili. Wengi wa waliouawa walikuwa bibi vizee, na mara nyingi waliowaua walikuwa ndugu zao. Kwa maelezo yake, kilichosukuma ni umaskini: chakula kikipungua, mzee huonekana mzigo. Lakini umaskini huo ulikuta kisingizio kimekwisha kuandaliwa, yaani imani kwamba balaa la mvua lina mtu nyuma yake.

Ndiyo maana tunasema kwamba kumfundisha mtoto hali ya hewa kwa ukweli ni kazi ya kulinda uhai. Inamlinda mtoto mwenyewe dhidi ya radi na mafuriko, na inamlinda bibi yake dhidi ya majirani. Kazi hii inatuhusu sisi mafrateri tunaotumwa kufundisha kipindi cha dini shuleni na kuwalea watoto wa Utoto Mtakatifu vigangoni, inawahusu walimu wa Sayansi na wa Jiografia na Mazingira, na inawahusu makatekista na wazazi. Katika makala hii tunaeleza mambo ya msingi ambayo mtoto anaweza kuyaelewa, na namna ya kumwonesha kwa vitu vilivyopo nyumbani na shuleni.

Angahewa: hewa inayotufunika

Angahewa ni hewa yote inayoizunguka dunia. Mtoto haioni, kwa hiyo kwanza tumsaidie asadiki kwamba ipo. Chukua glasi, sokomeza karatasi kavu ndani yake mpaka ibane kwenye kitako, igeuze mdomo chini na uizamishe wima katika ndoo ya maji. Ukiitoa, karatasi ni kavu. Waulize watoto ni nani aliyeyazuia maji yasiifikie karatasi. Watatazamana, kisha mmoja atasema: "Si mtu, ni hewa." Hapo wamejifunza kwamba hewa ni kitu kinachochukua nafasi. Wamejifunza pia kwamba swali tulilolianza kwa "nani" wakati mwingine jibu lake ni "nini".

Hewa kavu ukiigawa mafungu 100, mafungu 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni tunayoivuta ili kuishi. Fungu moja linalobaki karibu lote ni argoni, na ndani yake mna kiasi kidogo sana cha hewa ukaa, yaani gesi tunayoitoa tunapopumua na inayotoka kuni na mafuta yanapoungua. Juu ya hayo yote kuna mvuke wa maji, ambao huongezeka na kupungua kulingana na mahali na majira. Hewa ina uzito pia. Katika usawa wa bahari, eneo la mita moja ya mraba hubeba hewa yenye uzito wa tani kumi hivi. Hatupondeki kwa sababu hewa hutusukuma kutoka pande zote kwa pamoja, na mwili kwa ndani unasukuma vivyo hivyo.

Tabaka la chini la angahewa huitwa troposfia. Huku kwetu karibu na ikweta lina kimo cha kilometa 16 hadi 18, na karibu mawingu, mvua na radi zote hutokea humo. Katika tabaka hili, kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi, kwa wastani nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilometa moja. Mfano mzuri tunao nyumbani. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Tofauti ni karibu kilometa tano, kwa hiyo Moshi kukiwa na nyuzi 28, kileleni ni chini ya sifuri.

Hapo mtoto mwerevu atauliza: "Mbona kileleni ndiko karibu na jua?" Asichekwe, maana ameuliza swali zuri. Jua liko mbali nasi kilometa milioni 150 hivi, na kulisogelea kwa kilometa tano si kitu. Tena mwanga wa jua hupita hewani na kuipasha ardhi kwanza, kisha ardhi ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini. Ukiwa mlimani, uko mbali na sehemu kubwa ya ardhi iliyopata joto, na hewa inayopanda hutanuka na kupoa. Juu ya troposfia kuna stratosfia, yenye gesi ya ozoni inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Kwa darasa la nne au la tano, matabaka hayo mawili yanatosha kwa kuanzia.

Hali ya hewa: mambo ya leo na kesho

Hali ya hewa ni jinsi angahewa ilivyo mahali fulani kwa muda mfupi: leo asubuhi, kesho, wiki hii. Tunaitaja kwa joto, upepo, unyevu, mawingu na mvua.

Jinsi mvua inavyofanyika, mwalimu wa kwanza ni sufuria. Maji yanapochemka, mvuke hupanda, hugusa mfuniko uliopoa na kugeuka matone. Matone yakikusanyika hudondoka. Angani ni vivyo hivyo. Jua huyapasha maji ya bahari, ziwa, mto, udongo na hata majani ya miti, nayo hugeuka mvuke. Hewa yenye joto hupanda, na ikipanda hupoa. Ikipoa, mvuke hushika vumbi dogo sana lililomo hewani na kuwa vitone. Vitone vingi ndivyo wingu. Vitone vikiungana na kuwa vizito, hewa inayopanda haiwezi tena kuvibeba, navyo huanguka.

Upepo nao unaoneshwa kwa mabeseni mawili, moja la mchanga na moja la maji, yaliyowekwa juani tangu asubuhi. Saa sita mchana watoto watie vidole. Mchanga unachoma, maji bado ya baridi. Mtoto wa Bukoba au wa Musoma ataelewa mara moja kwa nini mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu: ardhi imepata joto haraka, hewa iliyo juu yake inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, na upepo hugeuka.

Majira yetu yanafuata jambo hilo hilo, ila kwa ukubwa wa dunia. Mahali jua linapopasha zaidi, hewa hupanda, na pepo za kaskazi na za kusi hukutana hapo na kufanya ukanda wa mawingu. Ukanda huo hulifuata jua, kwa kuchelewa majuma kadhaa, ukishuka kusini na kurudi kaskazini kila mwaka. Ukipita kuelekea kusini kati ya Oktoba na Desemba, mikoa kama Kilimanjaro, Tanga, Kagera na Mwanza hupata vuli. Ukirudi kati ya Machi na Mei, hupata masika. Dodoma, Singida, Tabora, Mbeya na Ruvuma hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati ukanda umekaa upande wa kusini.

Sasa turudi kwenye swali la kijiji: kwa nini mwaka mmoja mvua inamwagika na mwaka mwingine inakatika? Sehemu kubwa ya jibu iko baharini. Maji ya Bahari ya Pasifiki yakipata joto kupita kawaida, hali tunayoiita El Nino, na maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki nayo yakiwa na joto, mvuke mwingi huletwa kwetu na vuli huzidi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na tena mwaka 2023. Maji ya upande wetu yakipoa, mara nyingi vuli hupungua. Bibi wa Meatu hana mkono unaofika Bahari ya Pasifiki. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulielewa hilo, na anaweza kulisema nyumbani kwa adabu.

Tabianchi: neno lenye somo ndani yake

Kiswahili kimetusaidia hapa. Tabianchi ni tabia ya nchi. Waulize watoto: mtu mpole akikasirika siku moja, tutasema tabia yake ni ukali? Watasema hapana, mpaka tumwone siku nyingi. Vivyo hivyo, mvua moja kubwa au kiangazi kimoja kirefu ni hali ya hewa. Ili kuijua tabia ya nchi inatupasa kuangalia miaka mingi, na wataalamu duniani wamekubaliana kutumia wastani wa miaka 30. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza kwamba mvua za msimu zitakuwa "chini ya wastani" au "juu ya wastani", inalinganisha na wastani wa miaka mingi ya namna hiyo.

Mtu mzima akibadilika tabia, watu wa nyumbani huuliza amepatwa na nini. Nchi pia imebadilika. Kabla ya viwanda kuenea, katika kila chembe milioni moja za hewa kulikuwa na chembe 280 hivi za hewa ukaa. Leo zimepita 420, hasa kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na pia kukata misitu. Gesi hiyo, ingawa ni kidogo, hufanya kazi kama blanketi: huachia mwanga wa jua uingie na huzuia sehemu ya joto lisitoke. Bila blanketi lolote dunia ingeganda kwa baridi. Likizidi unene, joto linazidi, na wastani wa joto la dunia umekwisha kupanda kwa zaidi ya nyuzi moja ya Selsiasi tangu wakati huo. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, hivyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi, na udongo hukauka upesi panapokosekana mvua.

Tuwaambie watoto ukweli wote. Afrika imechangia sehemu ndogo sana ya gesi hiyo, lakini ni kati ya wanaoumia zaidi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba tabianchi ni mali ya wote na kwa ajili ya wote, na kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja. Alirudia wito huo katika Laudate Deum, tarehe 4 Oktoba 2023. Basi tusimfundishe mtoto wa kijijini kwamba mama yake anayepika kwa kuni ndiye aliyeiharibu dunia nzima. Tumfundishe kupanda mti, kutunza chanzo cha maji na kutochoma moto ovyo kwa sababu mambo hayo yanamsaidia hapo alipo. Tumfundishe pia kwamba kuna wakubwa wa dunia wenye deni.

Kipima mvua cha chupa

Somo la hali ya hewa bila kupima huwa hadithi tu. Kifaa cha kwanza hakihitaji fedha. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu, yenye ubavu ulionyooka. Ikate sehemu ya juu pale inapoanza kupungua upana. Weka mawe machache chini ili isipeperushwe, jaza maji hadi juu ya mawe na juu ya mabonde ya kitako, kisha weka alama: hapo ndipo sifuri. Bandika rula au karatasi yenye alama za milimita kuanzia hapo kwenda juu. Ile sehemu ya juu uliyoikata, igeuze mdomo chini na uipachike kama mrija, ili maji yasikauke kwa jua. Isimike mahali pa wazi, mbali na miti na paa.

Kila siku saa tatu asubuhi, muda ule ule unaotumika katika vituo vya hali ya hewa nchini, mtoto wa zamu asome, aandike na kuyarudisha maji kwenye alama ya sifuri. Siku isiyo na mvua aandike sifuri, asiache nafasi wazi. Hili tunalisisitiza, kwa sababu sifuri ni habari ya kweli, lakini nafasi wazi haimwambii mtu lolote. Fimbo yenye kitambaa chepesi itaonesha upepo unakoelekea, na watoto waandike unakotoka, maana upepo huitwa kwa jina la unakotoka. Mawingu waseme tu: hakuna, nusu ya anga, au anga yote.

Hesabu zinazotokana na kipimo hiki zina faida nyumbani. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, paa hilo hupokea lita 1,600, yaani ndoo 80 za lita 20. Watoto wanaoamka alfajiri kwenda kisimani wataielewa hesabu hiyo kuliko nyingine yoyote kitabuni, na huenda kamati ya shule nayo ikaelewa kwa nini mfereji wa bati na tangi havipaswi kusubiri.

Baada ya mwaka mmoja shule itakuwa na daftari la mvua. Baada ya miaka mitano, watoto wataona kwamba miaka hailingani, na kwamba mwaka mbaya ulikuwapo kabla hata bibi fulani hajahamia kijijini. Daftari hilo ni shahidi asiye na chuki na mtu.

Radi: somo la kuokoa maisha

Mkoani Geita wanafunzi walipoteza maisha kwa radi wakiwa shuleni mwezi Oktoba 2018, na tena mwezi Januari 2025. Baada ya msiba wa namna hiyo ni rahisi maneno ya uchawi kuenea haraka kuliko maelezo ya kweli. Kwa hiyo somo la radi lisiachwe.

Ndani ya wingu kubwa la mvua, chembe za barafu hugongana na kusuguana, na umeme hujikusanya. Mtoto anaweza kuuona mfano wake akisugua rula ya plastiki kwenye nywele kavu na kuisogeza kwenye vipande vidogo vya karatasi, au akivua nguo ya nailoni gizani. Umeme ukizidi hutafuta njia, kutoka sehemu moja ya wingu hadi nyingine au hadi ardhini. Ukija ardhini hupenda kupitia kitu kirefu kilichojitenga: mti, nguzo, nyumba iliyo peke yake kilimani, mtu aliyesimama uwanjani. Hewa inayopitiwa hupata joto kali mno, hutanuka ghafla na kutoa ngurumo.

Watoto wafundishwe kuhesabu sekunde tangu mwanga hadi ngurumo. Sauti husafiri kilometa moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo sekunde 15 ni kilometa tano. Zikiwa chini ya 30, waache mpira, shamba na ziwa, waingie katika jengo imara au gari lenye bodi ya chuma. Wakae mbali na madirisha, kuta, nyaya na mabomba, na wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wasijikinge chini ya mwembe. Nguo nyekundu haiiti radi, wala kufunika kioo hakuizuii. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini: ashikwe, akandamizwe kifua kama hapumui, awahishwe hospitalini. Wapo wanaokufa kwa sababu tu waliosimama pembeni waliogopa kuwagusa.

Nasi watu wazima tuna sehemu yetu. Darasa pekee halitoshi kama jengo halina mtego wa radi unaoupeleka umeme ardhini salama. Tunapojenga shule, makanisa na mabweni, mtego huo uwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Je, tutaendelea kuomba mvua?

Wapo wanaohofu kwamba mtoto akijua mvua inatokana na mvuke na bahari, ataacha kusali. Katika darasa la falsafa tunajifunza kutoka kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba Mungu ndiye sababu ya kwanza, naye hutenda kwa njia ya sababu za pili alizoziumba. Kuzijua sababu za pili ni kuistaajabia kazi yake, wala hakumpunguzii Mungu kitu. Mkulima anayejua jinsi mbegu inavyoota bado hushukuru kwa mavuno. Kanisa lina Misa ya kuomba mvua, nasi tunaiadhimisha tukiamini kwamba maisha yetu yote yako mikononi mwa Baba. Mganga anayedai kulipwa ili aifungue mvua anadai kumiliki kisichokuwa chake, na anahitaji mtu wa kumlaumu asipofaulu. Sala haimtafuti mtu wa kumlaumu.

Yesu mwenyewe alifundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki (Mt 5:45). Wanafunzi walipouliza ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, aliwaondoa kwenye swali hilo (Yn 9:1-3). Kuhusu wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu alikataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine (Lk 13:4-5). Tena aliwatambua wasikilizaji wake kuwa ni wajuzi wa hali ya hewa: wakiona wingu magharibi husema mvua yaja (Lk 12:54-56). Walikuwa sawa, kwa sababu magharibi ya nchi ile ndiko iliko Bahari ya Mediteranea, na mvuke hutoka huko. Hakuulaumu ujuzi huo; aliwataka wawe na macho hayo hayo kwa mambo ya Mungu.

Kanisa limekuwa na mapadre waliotazama anga ili kuokoa watu. Padre Benito Viñes, Mjesuiti wa kolegio ya Belén mjini Havana, Kuba, alitoa onyo la kimbunga mwezi Septemba 1875 kutokana na kuchunguza mawingu, upepo na mgandamizo wa hewa. Padre Federico Faura, Mjesuiti pia, alifanya hivyo mjini Manila, Ufilipino, mwaka 1879. Hapa kwetu nako baadhi ya misheni za zamani, kama Kibosho na Kilema, zilipima mvua kwa miaka mingi. Frateri anayesoma kipima mvua asubuhi baada ya Misa hafanyi jambo geni.

Tuanzie wapi?

Parokia iweke kipima mvua karibu na kanisa, na watoto wa Utoto Mtakatifu wapokezane zamu ya kukisoma. Katika matangazo ya Dominika tusome pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na watoto wajue ngazi zake: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 huko Katesh na vijiji jirani. Kwa wanaoishi chini ya milima na kandokando ya mito, kulijua tangazo la mvua kubwa na kujua pa kukimbilia ni sehemu ya malezi.

Mwalimu wa dini akae na mwalimu wa sayansi, wapange pamoja, ili mtoto asisikie jambo moja saa mbili na kinyume chake saa nne. Na kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, mvua ikichelewa na maneno yakianza, awepo angalau mtu mmoja wa kusema kwa sauti: bahari imepoa mwaka huu, tumeambiwa, hebu tuangalie bibi huyu ana chakula cha kutosha.

Mungu, aliyeumba mbingu na nchi, awajalie watoto wetu macho ya kuona na moyo wa kupenda. Tumsifu Yesu Kristo.